Gameti za kiume ndani ya chavua: namna zinavyotengwa, na kwa nini usafi ndio kipimo cha kazi yote

Vumbi la njano linalomwagika asubuhi kutoka kwenye mbelewele za mahindi hudhaniwa na wengi kuwa ndilo mbegu ya kiume ya mmea huo. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Kila chembe ya chavua ya mhindi ina seli tatu ndani ya ganda moja: seli moja kubwa inayoijaza chembe karibu yote, na seli mbili ndogo mno ambazo zimo ndani ya ute wa ile kubwa, zimezungukwa nao pande zote. Hizo mbili ndogo ndizo gameti, na ndizo zitakazorithisha jeni za upande wa baba. Seli kubwa, ambayo katika makala haya itaitwa seli ya mrija, hairithishi chochote. Kazi yake ni kuotesha mrija, kuupenyeza ndani ya nywele za hindi kwa urefu unaoweza kupita sentimita 20, kuzisafirisha gameti hadi kwenye ovuli, kijifuko chenye yai, kisha kupasuka na kufa huko huko.

Tatizo la mtafiti wa jeni linaanzia hapo. Chembe ya chavua ya mhindi ina kipenyo cha takriban mikromita 90 hadi 100, ilhali gameti iliyotolewa nje na kujiviringa haifiki mikromita 10. Ukikokotoa ujazo, gameti zote mbili kwa pamoja hazifikii hata asilimia 1 ya chembe iliyozibeba. Kwa hiyo anayesaga chavua nzima, akatoa RNA yake, yaani nakala za jeni ambazo seli huzitumia kutengeneza protini, na kusoma jeni zinazofanya kazi humo, kwa kweli amesoma habari za seli ya mrija: jeni za kujenga ukuta, jeni za kusukuma vifuko vya utando kuelekea ncha ya mrija, jeni za kuvunja sukari. Habari za gameti zimo pia, lakini zimemezwa na wingi wa zile nyingine. Kwa miongo mingi hali hiyo iliacha nafasi ya kuamini kwamba gameti za kiume za mimea ni mizigo mitupu, viini vilivyofungashwa kwa kubanwa, visivyo na shughuli yoyote ya jeni zake vyenyewe. Imani hiyo haikuweza kuthibitishwa wala kukanushwa mpaka watu walipojifunza kuzitoa gameti nje ya chavua zikiwa hai, na kuzitenga na kila kitu kingine kilichomo humo.

Zinakotoka

Ndani ya chavulio, seli mama hugawanyika kwa meiosisi na kutoa seli nne zenye nusu ya kromosomu. Kila mojawapo hugawanyika tena, safari hii kwa mgawanyo usio sawa: upande mmoja hubaki seli kubwa ya mrija, na upande wa pili hukatwa seli ndogo, seli zalishi, ambayo baadaye humezwa na ile kubwa ikawa inaishi ndani yake. Seli zalishi hugawanyika mara moja zaidi na kutoa gameti mbili. Wakati wa mgawanyiko huu wa mwisho ndipo mimea inapotofautiana. Katika nafaka kama mahindi, mpunga na ngano, na katika jamii ya kabichi na haradali, mgawanyiko hukamilika kabla chavua haijatoka kwenye chavulio, hivyo chavua iliyokomaa huwa tayari na gameti zake. Katika yungiyungi, tumbaku, nyanya na sehemu kubwa ya mimea ya maua, yaani takriban asilimia 70 ya spishi, chavua hutoka ikiwa na seli mbili tu, na seli zalishi hugawanyika baadaye, ndani ya mrija unaokua. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua ni njia gani itumike maabara.

Sababu ya gameti kuwa mbili ilifahamika mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1898 Sergei Nawaschin, aliyekuwa akifanya kazi Kiev, alieleza kwamba katika jamii ya yungiyungi gameti moja huungana na yai, na ya pili huungana na seli ya kati iliyo jirani na yai. Mwaka uliofuata Léon Guignard wa Ufaransa alichapisha maelezo yanayokubaliana na hayo. Muungano wa kwanza hutoa kiinitete. Wa pili hutoa endospemu, hazina ya chakula inayokilisha kiinitete, na ndiyo sehemu kubwa ya wanga tunaoupata kwenye punje ya hindi, mchele na ngano. Ugali uliokobolewa ni endospemu karibu mtupu, kwa hiyo ni tunda la ile gameti ya pili.

Kuifungua chembe bila kuiua gameti

Hatua iliyofungua njia ilitokana na mmea ambao si zao la shamba. Plumbago zeylanica ni kichaka cha maua meupe kinachoota katika nchi nyingi za joto, Afrika Mashariki ikiwemo. Scott Russell wa Chuo Kikuu cha Oklahoma nchini Marekani alionyesha mwaka 1985 kwamba gameti mbili za mmea huu hazifanani: moja ina plastidi nyingi (vijiungo vya seli vya kundi la kloroplasti), nyingine ina mitokondria nyingi (vijiungo vinavyoipa seli nishati) na imeshikamana na kiini cha seli ya mrija, na kwamba ile yenye plastidi ndiyo ambayo karibu kila mara huungana na yai. Mwaka 1986 alichapisha njia ya kuzitoa gameti hizo kwenye chavua. Mwaka 1987 kundi la watafiti wa Lyon, Ufaransa, akiwemo Christian Dumas, likachapisha njia ya kutoa gameti hai kwenye chavua ya mahindi, na kwa kuwa mahindi ni zao lenye uzito wa kiuchumi, njia hiyo ikaigwa na kurekebishwa katika maabara nyingi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Chavua hukusanywa asubuhi, ikiwa imetoka kumwagwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa chavua ya mahindi hukauka upesi, na kwenye joto kavu huweza kufa ndani ya saa moja au mbili. Huchekechwa ili kuondoa vipande vya machavulio, kisha hutiwa katika maji yenye sukrosi iliyopimwa kwa uangalifu. Nguvu inayotumika hapa ni osmosisi. Ute wa chavua una viyeyushwa vingi kuliko maji yanayoizunguka, hivyo maji huingia kwa kasi na ute huvimba. Ganda la nje limejengwa kwa sporopolenini, mojawapo ya vitu vigumu kuliko vyote vinavyotengenezwa na viumbe hai, nalo halitanuki kiasi cha kutosha. Mahali pekee palipo dhaifu ni tundu moja dogo la duara ambalo chavua ya nafaka huwa nalo, lile ambalo kwa kawaida mrija huota kupitia hapo.

Anayetazama kwenye hadubini huiona chembe ikitulia kwa muda, kisha sehemu ya tundu ikituna, halafu ghafla wingu la ute likimiminika nje likiwa limejaa chembechembe za wanga, hata mwono wote wa kioo ukawa wa kijivu. Ndani ya wingu hilo, wingu linapoanza kutawanyika, hutokea vitu viwili vyembamba vilivyochongoka ncha zote mbili, mara nyingi vikiwa bado vimeshikana. Dakika chache baadaye vinafupika, vinanenepa na kuwa duara kamili. Gameti hazina ukuta wa seli. Umbo lake refu lilitegemea nyuzi za protini zilizomo ndani yake na ile hali ya kuwa zimefungwa ndani ya seli nyingine, na mara zinapokuwa huru kwenye maji umbo hilo hupotea. Kukosa ukuta ndiko kunakozifanya ziwe dhaifu pia. Sukari ikipungua mno, gameti hupasuka kama chembe zilizozitoa. Ikizidi, chembe hazipasuki na hakuna kinachotoka. Upana kati ya mipaka hiyo miwili si mkubwa, nao hubadilika kidogo kwa aina ya mbegu na hali ya chavua ya siku hiyo, ndiyo maana fundi mzoefu hulijaribu tone moja kwanza kabla ya kumwaga chavua yote.

Kinachobaki baada ya hapo ni supu: maganda matupu, chembe ambazo hazikupasuka, wanga, viini vya seli ya mrija, mafuta, vipande vya utando, na gameti. Supu hupitishwa kwenye machujio ya nailoni ambayo huzuia maganda na chembe nzima. Kisha humwagwa taratibu juu ya tabaka za Percoll, kimiminika chenye chembe ndogo sana za silika, kilichoandaliwa kwa uzito tofauti, chepesi juu na kizito chini, na mrija wote huzungushwa kwenye sentrifuji. Kila kitu hushuka mpaka kinapokutana na tabaka inayolingana na uzito wake. Wanga huenda chini kabisa. Uchafu mwepesi hubaki juu. Gameti hujikusanya kati ya tabaka mbili zikaonekana kama mstari hafifu mweupe, na mstari huo hunyonywa kwa pipeti. Yote hufanyika kwenye barafu, kwa sababu chavua ina vimeng'enya vingi vinavyokata RNA, na mara ute unapomwagika vimeng'enya hivyo huwa vimeachiwa huru pamoja na kila kitu kingine.

Uhai wa gameti hupimwa kwa dutu iitwayo fluoresini diasetati, ambayo hupenya utando ikiwa haina mwanga, hukatwa na vimeng'enya vya seli hai, na kinachobaki ndani hung'aa kijani. Seli iliyokufa au iliyotoboka haiwezi kuushikilia mwanga huo. Kiini huonyeshwa kwa rangi ya DAPI, ambayo hushikana na DNA na kung'aa buluu. Vipimo hivi viwili hutazamwa pamoja: duara lenye buluu katikati na kijani pote ni gameti hai, buluu peke yake, bila kijani, huenda ni kiini kilichovuliwa utando wake, na huenda si cha gameti kabisa.

Suala la usafi

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu makosa mengi katika fani hii hayatokani na mashine za kusoma jeni, ambazo siku hizi ni sahihi mno, bali yanatokana na kilichoingizwa kwenye mashine. Gameti moja ina RNA kidogo sana, inayopimwa kwa pikogramu, na mara nyingi lazima izidishwe kwa njia za kikemia kabla ya kusomwa. Uchafu nao huzidishwa vilevile. Ikiwa jeni fulani hutoa RNA kwa wingi mkubwa katika seli ya mrija, ute kidogo tu ulioganda juu ya gameti unatosha kuifanya jeni hiyo ionekane kuwa ni ya gameti. Orodha ya jeni itachapishwa, wengine wataitumia, na jeni hiyo itazunguka miaka kadhaa ikiitwa jeni ya uzazi.

Percoll peke yake haimalizi tatizo hilo, kwa kuwa baadhi ya viini vya seli ya mrija na vifuko vya utando vina uzito unaokaribiana na wa gameti. Ndiyo sababu kundi la Sheila McCormick nchini Marekani, lilipotaka kutengeneza mkusanyo wa RNA za gameti za mahindi, halikuishia kwenye Percoll. Gameti zilitiwa rangi ya DNA, zikapitishwa moja moja mbele ya leza katika mashine ya kuchambua seli, ile inayovunja mkondo wa maji kuwa matone, ikalipa tone lenye seli inayotakiwa chaji ya umeme, na kulisukuma kando liingie chombo chake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: vipande zaidi ya 5,000 vya RNA vilisomwa, na vingi vilitoka kwenye jeni ambazo hazikuwahi kuonekana kwenye chavua nzima. Dhana ya mizigo mitupu ilianguka kwa utafiti huo. Gameti zina jeni zake, na zinazitumia.

Kwa Arabidopsis thaliana, gugu dogo la jamii ya haradali ambalo limekuwa mmea wa kielelezo katika maabara duniani kote, ugumu ni mwingine. Chavua yake ina upana wa mikromita 20 na kitu tu, ua ni dogo, na hakuna mbelewele ya kukung'uta. Watafiti waliamua kukusanya chavua kwa mashine ya kufyonza vumbi iliyofungwa vichujio vya nailoni vinavyofuatana, matundu yakipungua, cha kwanza kikizuia maua na wadudu na cha mwisho kikiikamata chavua yenyewe; mashine hiyo hupitishwa juu ya mimea mingi iliyopandwa kwa pamoja. Chembe hupasuliwa kwa kutikiswa pamoja na shanga ndogo za kioo. Lakini faida ya Arabidopsis iko kwenye jeni: mmea unaweza kupandikizwa protini inayong'aa ambayo huwashwa ndani ya gameti tu, na protini ya rangi nyingine inayokaa kwenye kiini cha seli ya mrija tu. Mashine ya leza hapo haichambui kwa kuangalia DNA, ambayo kila kiini kinayo, bali kwa alama ya utambulisho. Kundi la Jörg Becker, likifanya kazi Oeiras nchini Ureno, lilichapisha mwaka 2008 ramani ya jeni za gameti za Arabidopsis zilizopatikana kwa njia hiyo.

Hata baada ya leza, kipimo cha mwisho ni jeni zenyewe. Huchaguliwa jeni inayojulikana kuwa ya gameti pekee, kama GEX2, na nyingine inayojulikana kuwa ya seli ya mrija pekee, kama VEX1. Sampuli safi huonyesha ya kwanza na kukosa ya pili. Kwa maoni yangu, msomaji wa makala yoyote ya kitaalamu kuhusu jeni za gameti anapaswa kukitafuta kipimo hiki kabla ya kusoma hitimisho. Kisipokuwepo, orodha iliyochapishwa ni ya chavua iliyopunguzwa ute, na haiwezi kuitwa orodha ya gameti.

Mimea yenye chavua ya seli mbili ina njia zake. Katika yungiyungi, ambalo chavua yake ni kubwa na hupatikana kwa wingi, seli zalishi ndiyo hutengwa: ukuta wa ndani hulainishwa kwa vimeng'enya vinavyoyeyusha selulosi na pektini, chembe hupasuliwa taratibu, na seli hupitishwa kwenye Percoll. Katika tumbaku, ukitaka gameti zenyewe, lazima uusubiri mrija. Ua huchavushwa kwenye mmea, mirija huachwa iingie ndani ya shingo ya pistili, sehemu ya kike ya ua, kisha shingo hukatwa na mwisho wake uliokatwa kuchovywa kwenye kimiminika cha kukuzia. Saa kadhaa baadaye mirija hutokeza upande wa chini, kama shada la nyuzi laini, ikiwa na gameti ndani yake. Kimiminika hubadilishwa kwa kingine chenye sukari kidogo, ncha hupasuka, na gameti huokotwa moja moja kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, chini ya hadubini. Idadi inayopatikana kwa siku ni ndogo, lakini usafi wake ni wa kiwango ambacho Percoll haijawahi kukifikia, kwa sababu kila seli imeonwa kwa jicho kabla ya kuchukuliwa.

Yaliyopatikana

Katika seli zalishi za yungiyungi, Toshiyuki Mori na wenzake nchini Japani walikuta protini waliyoiita GCS1 na kuripoti mwaka 2006 kwamba bila hiyo gameti za kiume huwasili lakini haziungani na yai. Watafiti wengine waliokuwa wakichunguza Arabidopsis walikuwa wamekwisha ikuta jeni hiyo hiyo kwa njia nyingine na kuiita HAP2. Mwaka 2008 ikadhihirika kwamba protini hii hufanya kazi hiyo pia katika mwani wa Chlamydomonas na katika Plasmodium, kimelea cha malaria. Kimelea kisicho nayo hutoa gameti za kiume zinazoweza kuzishika za kike ila haziwezi kuungana nazo, na kwa kuwa muungano huo hutokea ndani ya tumbo la mbu, maambukizi hukatika hapo. Mwaka 2017 umbo la protini hiyo lilipochorwa kwa fuwele, lilionekana kufanana na protini ambazo virusi kama vya dengi na Zika huzitumia kuingia kwenye seli. Leo HAP2 ni miongoni mwa protini zinazochunguzwa kwa ajili ya chanjo ya kuzuia malaria isivuke kutoka kwa mtu kwenda kwa mbu. Njia hiyo yote, mpaka kwenye ugonjwa unaoua watoto wetu, inapitia kwenye seli zilizotolewa ndani ya chavua ya ua la bustani.

Uvumbuzi mwingine ulihusu kile ambacho baba humwachia mtoto. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba katika Arabidopsis jeni iitwayo SHORT SUSPENSOR hunakiliwa kuwa RNA ndani ya gameti ya kiume, lakini protini yake haitengenezwi hapo. RNA husafirishwa mpaka ndani ya zaigoti, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, na huko ndiko inakosomwa na kuathiri namna kiinitete kinavyorefuka. Mwaka huohuo, kundi la Robert Martienssen la maabara ya Cold Spring Harbor nchini Marekani, likitumia gameti zilizochambuliwa kwa leza, lilionyesha jambo ambalo halikutarajiwa: vipande vya DNA vinavyohamahama, ambavyo kwa kawaida mmea huvifunga visifanye kazi, hufunguliwa kwenye kiini cha seli ya mrija, na RNA fupi zinazotokana navyo hupatikana ndani ya gameti. Tafsiri iliyotolewa ni kwamba seli ya mrija, ambayo itakufa hata hivyo, hutengeneza silaha za kuilinda gameti. Kama seli hizo mbili zisingetenganishwa, RNA hizo zingeonekana kuwa mali ya chavua kwa jumla, na swali la nani anampa nani lisingekuwepo.

Katika mpunga, kusoma RNA za gameti na za zaigoti kulionyesha kwamba jeni iitwayo BABY BOOM1 huja na upande wa baba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliiwasha jeni hiyo ndani ya yai, na yai likaanza kuwa kiinitete bila kurutubishwa. Walipounganisha mbinu hiyo na mabadiliko yanayoifuta meiosisi, mmea ulitoa mbegu zilizo nakala ya mama yake. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Nature mwanzoni mwa 2019. Kwa nchi ambazo mkulima hulazimika kununua upya mbegu ya mahindi chotara kila msimu, kwa sababu aliyoivuna hupoteza sifa, ni rahisi kuona kwa nini utafiti huo unafuatiliwa kwa karibu, ingawa kutoka mpunga wa maabara hadi mahindi ya shambani ni mwendo mrefu.

Kisa cha mahindi kinafundisha zaidi, kwa kuwa kilihitaji kusahihishwa. Tangu 1959 inafahamika kwamba chavua ya mbegu iitwayo Stock 6 husababisha baadhi ya punje, asilimia chache tu, ziwe na kromosomu za mama peke yake. Mimea hiyo haploidi ina thamani kubwa: kromosomu zake zikiongezwa maradufu, mtafiti hupata mbegu safi ndani ya misimu miwili badala ya vizazi sita au zaidi vya kuchavusha mmea kwa chavua yake wenyewe. Kituo cha kazi hiyo kinachoendeshwa na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya kilifunguliwa huko Kiboko, Kenya, mwaka 2013 ili kuwahudumia wazalishaji wa mbegu wa kanda hii. Mwaka 2017 makundi matatu, kila moja kivyake, yalitangaza kwamba chanzo ni hitilafu katika jeni ya kimeng'enya kinachokata mafuta ya utando, na protini hiyo ikaelezwa kuwa imo kwenye gameti. Uchunguzi wa baadaye, uliochapishwa 2021, ukaonyesha kwamba haikai kwenye utando wa gameti. Inakaa kwenye utando wa seli ya mrija unaoifunika gameti kutoka nje, ambao umegusana nao kiasi kwamba kwenye hadubini ya kawaida tando hizo mbili huonekana kuwa mmoja. Gameti inapotolewa kwenye chavua, utando huo wa nje wakati mwingine hubanduka, wakati mwingine hubaki umeing'ang'ania. Sampuli mbili zenye usafi uleule kwa kipimo cha RNA zinaweza kutoa majibu tofauti kuhusu protini za utandoni kwa sababu hiyo peke yake.

Lipo jambo moja zaidi, nalo ni la wakati. Gameti iliyomo kwenye chavua kavu si sawa na gameti iliyowasili kwenye ovuli. Katika Arabidopsis huendelea kunakili DNA yake njiani ndani ya mrija. Protini ya HAP2, yenye kazi ya kuunganisha tando, wakati wa safari huwa imehifadhiwa ndani ya seli, na utafiti wa 2012 ulionyesha kwamba huhamia kwenye utando wa nje pale tu yai linapotoa protini ndogo za EC1. Watafiti walipoziongeza EC1 kwenye gameti zisizo karibu na yai, uhamaji huo ulitokea vilevile. Mahindi na mpunga, ambavyo gameti zake ni rahisi kupata kwenye chavua, vimetupatia takwimu nyingi za hatua hiyo ya mwanzo. Za mwisho wa safari ni chache, kwa sababu hutegemea mirija iliyopita kwenye pistili iliyokatwa, sindano ya kioo, na saa nyingi za kuokota. Sasa zipo njia za kusoma RNA ya seli moja moja, ambazo zimekwisha kutumika kwenye chavua changa ya mahindi kufuatilia namna jeni zinavyowashwa siku kwa siku, na gameti kumi zilizookotwa kwenye ncha za mirija zinaweza kutoa habari ambazo miaka ishirini iliyopita zilihitaji mamilioni ya chembe zilizopasuliwa kwa pamoja.